Niliihukumu Dereila kwa Uzee Wake

Baiskeli ilikuwa imepinduliwa, imesimama kwa siti na usukani, gurudumu la nyuma likizunguka hewani. Mimi nimechuchumaa pembeni. Mkono mmoja unazungusha pedeli, mwingine uko kwenye leva ya gia, ile iliyofungwa kwenye bomba la chini la fremu. Gia ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu: tik, tik, tik.

Nikakizungusha kinobu cha kukazia waya nusu mzunguko. Ya tatu ikanyamaza. Nikashuka hadi ya tano, nayo ikaanza: tik, tik. Nikarudisha robo mzunguko. Ya tano ikatulia, ya tatu ikaanza upya, na safari hii cheni ikateleza yenyewe hadi ya nne bila mtu kuigusa leva.

Niliendelea hivyo mpaka giza likaingia. Nilipoinuka, mgongo unauma na vidole vyeusi kwa grisi, nikasema kwa sauti ingawa nilikuwa peke yangu: "Hii dereila imezeeka."

Maneno hayo matatu kuhusu dereila, kile kifaa cha nyuma kinachoihamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine, yamenisumbua kwa wiki sita.

## Kinachosogea ndicho kinacholaumiwa

Unapobadili gia, dereila ya nyuma ndiyo unayoiona ikifanya kazi. Leva inasogea kidogo tu. Waya umejificha ndani ya kava. Fremu imetulia kama ilivyotulia siku zote. Dereila peke yake ndiyo inayojikunja na kujikunjua, inausogeza mkono wake wenye puli mbili, vile vigurudumu vidogo vya meno vinavyopitisha cheni, inaisukuma cheni huku na huku. Na kelele inatokea hapo hapo ilipo. Nani mwingine wa kumshuku?

Tena yangu ilikuwa na sura ya mshtakiwa. Ina zaidi ya miaka 30. Rangi imebanduka, maandishi yamefutika nusu, springi imeanza kutu kwenye ncha. Kitu kikiwa na sura hiyo hukipi nafasi ya kujitetea.

Siku kadhaa baadaye ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningepaswa kuianza nayo. Friwili yangu, yaani lile fungu la gia za nyuma, ni ya gia saba, na kutoka katikati ya gia moja hadi katikati ya nyingine ni milimita 5. Kila leva inapolia "tak", inavuta waya karibu milimita 2.9. Dereila inaukuza mvuto huo mara 1.7 hivi. Zidisha: 4.93. Karibu sawasawa na zile milimita 5.

Niliitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu. Ndani yake hakuna mahali ambapo dereila inaamua lolote. Inapokea kipimo, inakizidisha, basi. Waya ukikwama kwa nusu milimita tu, puli inakosea kwa milimita 0.85, na meno ya gia inayolengwa yana unene usiofika milimita 2.

Na hesabu yote ina sharti moja lisiloandikwa: kwamba dereila yenyewe imening'inia wima.

Sharti hilo nililipita bila hata kusimama.

## Puli iliyokuwa inacheza

Badala yake niliendelea kutafuta ushahidi dhidi ya mzee. Nikaishika puli ya juu kwa vidole viwili, nikaitikisa. Ikacheza kushoto na kulia, karibu milimita moja. Ya chini nikaitikisa, haikucheza.

Nikajiambia, nimeipata. Imechakaa.

Bahati yangu ni kwamba sina desturi ya kutupa kitu kabla sijakifungua. Nilizitoa puli zote mbili, nikaziosha, nikakitazama kibushi cha ile ya juu, kile kibomba cha katikati ambacho puli inakizunguka, kwenye mwanga. Kilikuwa laini, hakina mkwaruzo. Hakikuwa kimeliwa hata kidogo. Kilikuwa kimetengenezwa kirefu kuliko upana wa puli yenyewe, makusudi, ili puli iwe na nafasi ya kusogea. Shimano, kampuni iliyoitengeneza, wameupa mpango huo jina, Centeron: puli ya juu inaachiwa uhuru kidogo wa kuelea, ili waya ukikosea kwa kiasi kidogo, cheni ijitafutie yenyewe katikati ya gia.

Yaani kile nilichokiita uchakavu kilikuwa ni msamaha, na ulitiwa humo tangu kiwandani.

Kuna watu wengi huiondoa puli hiyo na kuweka nyingine iliyobana, au huibadilishana na ya chini wakati wa kusafisha, kisha wanashangaa gia zimezidi kuwa mbaya. Mimi nilikuwa njiani kuwa mmoja wao. Siku hizi nikifungua puli, ya juu naifunga uzi kabla ya kuiweka chini.

Uchakavu wa kweli una dalili zake. Meno ya puli yanakuwa makali kama miba. Viungo vya dereila vinalegea: shika ncha ya chini ya mkono wenye puli, isukume kuelekea kwenye spoku, kisha ivute nje. Kama inakwenda na kurudi huku springi haijaguswa, viungo vimeliwa. Yangu ilikwenda kama milimita 4. Hilo lilikuwa kosa halisi, na ndilo lililonipa ujasiri wa kutoa hukumu. Sikujiuliza kama ndilo kosa linalotoa ile tik.

## Nzuri, ila si yake

Nikanunua dereila nyingine, iliyotumika lakini imetunzwa. Mkono mfupi, alumini iliyong'aa, viungo vimekaza, ya kampuni ile ile na inavuta kwa kipimo kile kile. Skrubu yake ya milimita 10 iliingia kwenye fremu bila kusumbua. Nilirudi nyuma hatua mbili kuitazama, na kwa kweli baiskeli ilipendeza kuliko nilivyopata kuiona.

Kisha nikaiweka cheni kwenye gia ndogo mbele na ndogo nyuma. Ikalegea, ikaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Hapo tena hesabu ilikuwa inanisubiri. Mbele nina gia tatu: meno 48, 38 na 28. Toa ndogo kwenye kubwa, unapata 20. Nyuma gia ndogo ina meno 14 na kubwa 28, tofauti ni 14. Jumlisha, 34. Hicho ndicho kiasi cha ulegevu wa cheni ambacho mkono wa dereila unatakiwa kuumeza. Ile fupi na nzuri ilikuwa na uwezo wa 26. Tena ilitengenezwa kwa gia ya nyuma isiyozidi meno 26, kwa hiyo kwenye ile yangu ya 28 puli ya juu ilikuwa inakwaruza meno, hata baada ya kuikaza skrubu ya nyuma ya dereila mpaka mwisho.

Lakini hayo si yaliyonikosesha usingizi usiku ule. Nilirudi kwenye gia za katikati, ambako urefu wa mkono hauna neno, nikaurekebisha waya upya, nikazungusha pedeli.

Ya tatu: tik, tik, tik.

Dereila mbili, za miaka tofauti, moja imelegea na nyingine imekaza, zinaugua ugonjwa mmoja kwenye gia zile zile.

Basi ugonjwa haukuwa wao.

## "Iliangukia upande gani?"

Mdogo wangu alinikuta nimekaa sakafuni, dereila zote mbili ziko juu ya gazeti mbele yangu.

"Kaka, bado tu?"

"Bado."

Akasimama kidogo. Nilimwona anataka kusema jambo na hataki kulisema.

"Au ni ile siku iliyoanguka?"

Sikuwa na habari ya kuanguka. Ilikuwa miezi miwili nyuma, alipoiazima. Aliiegemeza ukutani, ikateleza, ikalala chini.

"Iliangukia upande gani?"

"Huu wa cheni. Lakini haikuumia, kaka. Niliikagua. Niliinua, nikaendesha mpaka nyumbani, ikaenda vizuri."

Alikuwa anasema kweli. Ilikwenda. Mimi mwenyewe niliiendesha baada ya siku ile na sikuona kitu, kwa sababu mwanzoni ilikuwa ni sauti ndogo tu, na sauti ndogo kwenye baiskeli ya zamani mtu huizoea. Baadaye nikabadilisha cheni, nikagusa waya, na kila nilipogusa nikaongeza vumbi juu ya chanzo.

Baiskeli ikianguka upande wa kulia, dereila ndiyo inayotangulia kufika chini. Yenyewe ni ngumu, haipindi kirahisi. Nguvu ya kile kishindo inapanda hadi kwenye kile kipande chembamba cha fremu kinachotokeza chini ya ekseli, chenye tundu la skrubu. Mimi nakiita sikio, kwa kuwa ndivyo kilivyo. Sikio ndilo linalopinda.

Nilikwenda nyuma ya baiskeli, nikapiga magoti mpaka jicho likawa sawa na gia. Ukitazama kutoka hapo, puli mbili zinapaswa kusimama moja chini ya nyingine, katika mstari ule ule wa gia iliyo juu yao. Yangu ilikuwa imeinama. Puli ya chini ilikuwa inaelekea kwenye spoku kama mtu anayechungulia dirishani.

Ilikuwa inaonekana wazi. Ilikuwa inaonekana wakati wote huo.

## Gurudumu la pili

Kuna chombo maalumu cha kupima sikio, fimbo ndefu inayofungwa kwenye tundu na kuzungushwa kando ya rimu. Mimi sina. Lakini ekseli za magurudumu mengi ya nyuma ya kawaida zina uzi wa milimita 10, hatua ya milimita 1, na uzi huo ndio uliomo kwenye sikio. Nilikuwa na gurudumu la nyuma la akiba. Nikaitoa dereila, nikaiingiza ncha ya ekseli ya gurudumu hilo kwenye tundu, taratibu, kwa mkono, nikilishika lisining'inie kwa uzito wake wote.

Magurudumu mawili yakasimama bega kwa bega.

Kama sikio limenyooka, rimu mbili zinakwenda sambamba kama reli. Nikachukua rula. Juu, kati ya rimu na rimu: milimita 112. Chini: 98. Mbele na nyuma tofauti ilikuwa milimita 2 tu. Kwa hiyo lilikuwa limepinda kuelekea ndani, na halikujisokota.

Milimita 14. Niliandika namba hiyo kwa penseli kwenye ukingo wa gazeti, na ninalo bado.

Fremu yangu ni ya chuma, na hilo ndilo lililoniokoa. Chuma kinakubali kurudishwa. Alumini haina uvumilivu huo, ndiyo maana fremu nyingi za alumini zina sikio linalofunguliwa na kubadilishwa. Lile lisilofunguliwa, mtu afikirie mara mbili kabla ya kulikunja. Nililitoa gurudumu, nikalishika sikio kwa spana malaya iliyobana sawasawa pande zote mbili, nikavuta kuja nje. Si kwa kishindo. Unavuta mpaka unahisi chuma kinaanza kukubali, unaacha, unarudisha gurudumu, unapima tena. Hata chuma kikikunjwa huku na huku huchoka, kwa hiyo nilichoogopa zaidi ni kupitiliza na kulazimika kurudi.

Mara ya kwanza tofauti ikawa 11. Kisha 6. Kisha 3.

Nikaacha kwenye 3.

Nikairudisha dereila ya zamani, ile iliyohukumiwa, pamoja na puli yake inayoelea. Nikaurekebisha waya. Nikazungusha pedeli kutoka ya kwanza hadi ya saba, kisha nikarudi.

Kimya.

Sikufurahi kama nilivyotarajia. Nilihisi kama mtu aliyemsimanga mfanyakazi wake kwa wiki nzima, kisha akagundua funguo zilikuwa mfukoni mwake.

## Inapochelewa kurudi

Jambo moja lilibaki. Kupanda kwenda gia kubwa kulikuwa safi, ila kushuka kwenda ndogo kulikuwa na ubishi: leva inalia, cheni inangoja nusu mzunguko, ndipo inashuka.

Safari hii sikukurupuka. Kwenye dereila ya kawaida, ukielekea gia kubwa ni mkono wako unaovuta waya, na mkono una nguvu ya kushinda kutu yoyote. Ukielekea ndogo, inayovuta ni springi peke yake. Kwa hiyo msuguano ndani ya kava unajificha wakati wa kupanda na kujitokeza wakati wa kushuka. Inapochelewa kwa upande huo mmoja tu, tazama waya kabla ya springi.

Nikakifungua kipande cha mwisho cha kava, kile kinachopinda kama upinde kuingia kwenye dereila. Kiko chini, kinarushiwa maji ya barabarani kila siku. Kiligoma kuuachia waya, na ulipotoka ulikuja na unga wa kutu. Na zaidi ya hapo, kilikuwa ni kava ya breki, ile yenye waya uliojiviringisha kama springi. Kava hiyo hufinyika kidogo inapovutwa. Kwenye breki si kitu, ila kwenye gia zinazotegemea milimita 2.9 ni wizi. Kava ya gia ina nyaya zilizolala kwa urefu, haifinyiki. Lakini mtu asije akafanya kinyume: kava ya gia ya aina hiyo isiwekwe kwenye breki kamwe, kwa sababu ukibana breki kwa nguvu inaweza kupasuka, na breki inakufa mkononi mwako.

Waya mpya, kava mpya, na ubishi ukaisha.

## Hata hivyo nilinunua

Zile milimita 4 za ulegevu hazikuondoka. Viungo vya aina yangu vimepigwa ribiti, havifunguki, na vikishaliwa vimeliwa. Kwa hiyo, baada ya kuisafishia jina, bado nilikaa kuchagua mrithi wake, na safari hii nilianza na baiskeli yenyewe.

Swali la kwanza lilikuwa sikio. Fremu nyingine za zamani hazina sikio kabisa. Hizo hutaka dereila yenye kibamba chake, kinachobanwa chini ya nati ya ekseli. Yangu inalo, tukapita.

La pili ni mvuto, na hapa ndipo nilipokuwa na dhana mbovu. Nilidhani kwa kuwa nina gia saba, lazima nitafute dereila ya gia saba. Sivyo. Idadi ya gia iko kwenye leva. Dereila inazidisha tu, na ikiwa kizidisho ni kile kile, haijui kama nyuma yake kuna gia saba au tisa. Kwa leva za Shimano za gia saba kama zangu, dereila nyingi za kampuni hiyo za gia nane au tisa zinafanya kazi. Mipaka ipo: dereila zao za milimani walizibadilishia kipimo zilipofika gia 10, na za barabarani zilipofika 11. Dura-Ace, seti yao ya baiskeli za mashindano, iliyoleta gia zinazolia "tak" mwaka 1984, ilikuwa na kipimo chake peke yake hadi katikati ya miaka ya 1990. SRAM, kampuni nyingine, nao wana vipimo vyao. Na mwenye leva zisizolia, zile za kuteleza, hana haja ya kusoma aya hii; mkono wake ndio kipimo.

Nilivutiwa pia na za zamani zaidi. Campagnolo Gran Sport ya mwaka 1951 ilifanya umbo la pembe nne zinazokunjwa kuwa mtindo wa wote, na ukiishika mkononi unaelewa kwa nini watu wanazihifadhi kama vito. Lakini mwaka 1964 kampuni ya SunTour waliuinamisha ule umbo, ili puli ishuke sambamba na mteremko wa gia na kubaki karibu na kila moja. Hataza yao ilipoisha miaka ya 1980, wengine wote wakaufuata. Puli iliyo karibu na gia ndiyo inayoziwezesha gia za "tak" kufanya kazi vizuri. Kwa leva kama zangu, uzuri wa mwaka 1951 ungekuwa wa kutazama tu.

La tatu ni ile 34 ya ulegevu wa cheni, na hapo sikutaka mjadala. Wapenzi wa baiskeli za zamani huuona mkono mrefu kuwa ni sura mbaya, na wengine hujibana: wanachukua mfupi, wanaapa hawatatumia ndogo kwa ndogo. Cheni inayolegea huko haivunji kitu, nakubali. Ila cheni iliyofupishwa ili isilegee ni jambo jingine kabisa. Siku mtu mwingine anaiendesha, anaiweka kubwa kwa kubwa, cheni haifiki, na inayong'olewa ni dereila pamoja na sikio lake. Mimi naipima cheni kwa kuizungusha kwenye gia kubwa zote mbili bila kuipitisha kwenye dereila, kisha naongeza pingili mbili.

Nilichukua ya mkono mrefu, ya gia nane, isiyo na mng'ao wowote. Kabla ya kuendesha hata mita moja niliiweka kwenye gia kubwa ya nyuma nikaisukuma kwa kidole kuelekea kwenye spoku, kuhakikisha skrubu ya mpaka inaizuia. Inazuia.

Je, ni bora kuliko ile ya zamani? Kidogo. Inatulia zaidi kwenye barabara mbovu. Nimeiendesha wiki mbili na kuna siku najiuliza kama nilihitaji kweli, au kama nilikuwa nimeshaitoa ile nyingine moyoni tangu jioni ile na nikakosa njia ya kurudi. Sijapata jibu. Ile ya zamani nimeiosha kwa mafuta ya taa, nikaipaka oili, iko ndani ya kopo na puli yake ya juu ina uzi mwekundu.

Jana mdogo wangu aliiazima tena baiskeli. Nilisimama mlangoni nikisikiliza anavyobadilisha gia akipanda kilima, mpaka nikaacha kumsikia. Aliporudi aliisukuma hadi ukutani, akasita, akaigeuza, akaiegemeza kwa upande wa kushoto, cheni ikitazama nje. Kisha akainama nyuma yake, akafumba jicho moja, akazitazama puli.